Kizuri hakijiuzi tena Mpanda: mteja mpya wa mtandaoni ana bei yake

WAZEE walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mfanyabiashara wa Mpanda wa miaka ya nyuma msemo huo ulitosha. Mji ulikuwa mdogo na watu walijuana. Fundi aliyetengeneza vitanda imara alijulikana kuanzia stesheni ya reli hadi sokoni bila kutoa senti moja ya matangazo.

Hali hiyo imebadilika, na takwimu za sensa zinaonyesha ni kwa kiasi gani. Mwaka 2012, mwaka ambao Katavi ilitangazwa kuwa mkoa baada ya kumegwa kutoka Rukwa, mkoa huu ulihesabiwa kuwa na watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ongezeko la wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka lilikuwa kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote nchini.

Kwa lugha ya sokoni maana yake ni hii: kwa hesabu ya jumla, katika kila watu wawili waliohesabiwa mwaka 2022, mmoja ni nyongeza juu ya hesabu ya miaka kumi nyuma yake. Wengine ni watoto waliozaliwa na wengine ni wageni waliohamia. Mgeni huyo hajui nani anauza godoro halisi na nani anauza la kuiga. Hana jirani wa kumuuliza. Ana simu mkononi.

Ndiyo sababu wafanyabiashara wa mji huu, kama wenzao wa Dar es Salaam na Mwanza, wameanza kulipia matangazo Facebook, Instagram na TikTok, kazi ambayo wenyewe huiita kusponsa. Suala la kujiuliza si kama njia hiyo inafaa au haifai. Suala ni kama fedha inayotoka inarudi na mteja ambaye hakuwapo jana. Kwa mwenye mtaji wa shilingi laki tano, kosa la wiki mbili katika hesabu hiyo linaweza kumaliza fedha aliyoitenga kununulia bidhaa za msimu.

Mji wa wageni tangu zamani

Mpanda si mji ulioanza kupokea wageni jana. Reli ya tawi kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na mji ukakua kando yake. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1972 wakimbizi walipewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, na mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa wakimbizi wa zamani wapatao 162,000 wa makazi hayo mawili na yale ya Ulyankulu mkoani Tabora. Wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, wafugaji waliohama na mifugo yao, wakulima wa tumbaku na mpunga, na watumishi walioletwa na ofisi za mkoa mpya. Siku hizi barabara ya lami inaiunganisha Mpanda na Tabora kupitia Koga.

Kila kundi linapofika linahitaji kitanda, sufuria, bati, mbegu na dawa za mifugo. Anayewauzia si lazima awe mwenye bidhaa bora kuliko wote. Mara nyingi ni yule aliyeonekana kwanza. Hapo ndipo tangazo la kulipia linapopata kazi yake halali: kumfikia mtu ambaye sifa za mdomo bado hazijamfikia.

Mnada usioonekana

Wafanyabiashara wengi hudhani tangazo la mtandaoni lina bei maalumu kama tangazo la redio, kwamba ukilipa kiasi fulani unapewa nafasi fulani. Sivyo. Kampuni ya Meta, inayomiliki Facebook, Instagram na WhatsApp, huuza nafasi zake kwa mnada. Kila mara mtu anapofungua simu yake, matangazo yanayomlenga hushindanishwa papo hapo, na moja hushinda.

Tofauti na mnada wa mifugo, anayeshinda hapa si lazima awe aliyetaja bei kubwa. Mitambo huangalia mambo matatu: kiasi ambacho mtangazaji yuko tayari kulipa, uwezekano wa mtu huyo kuchukua hatua inayotakiwa, na ubora wa tangazo lenyewe. Tangazo ambalo watu hulificha au kulilalamikia hulipishwa zaidi kwa nafasi ile ile. Kwa hiyo picha safi ya kitanda chenyewe, bei iliyoandikwa na mahali duka lilipo vinaweza kupunguza gharama. Picha iliyonakiliwa kutoka China na maneno "bei poa, njoo inbox" huiongeza.

Lipo jambo jingine ambalo wenye fedha kidogo hulikosea. Mitambo hiyo huhitaji muda wa kujifunza ni watu wa aina gani wanaoitikia. Kipimo kinachotolewa na Meta yenyewe ni matokeo yapatayo 50 ndani ya wiki moja kwa kila kundi la matangazo. Mfanyabiashara mwenye shilingi 70,000 akizigawa kwa makundi matano, yaani vijana, akina mama, wakulima, watumishi na wachimbaji, hakuna kundi litakalofikia kipimo hicho. Ni afadhali kuwa na kundi moja, bidhaa moja na picha mbili au tatu.

Kumlipia jirani

Kosa lililo ghali kuliko yote ni kulipa ili kuonwa na watu wanaokujua tayari. Mwenye duka huweka picha kwenye ukurasa wake, hubonyeza kitufe cha kuitangaza, kisha huchagua watu wanaoufuata ukurasa huo na marafiki zao. Laiki zinamiminika na pongezi zinafuata. Ukiangalia majina utakuta shemeji, mwenzake wa kwaya, wateja wa mwaka jana na wauzaji wenzake wanaochungulia bei.

Watu hao si wateja wapya. Wangeweza kupata habari hiyo bure kupitia hali ya WhatsApp au ujumbe mfupi. Anayetafuta mteja mpya anapaswa kufanya kinyume chake: achague eneo badala ya wafuasi, na pale inapowezekana awaondoe wateja wa zamani katika orodha ya watakaoonyeshwa tangazo. Meta humruhusu mtangazaji kupakia orodha ya namba za wateja wake kwa kazi hiyo.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua namba za simu za wateja kuwa taarifa zinazolindwa. Aliyeacha namba yake ili aletewe godoro hakukubali ipelekwe kwingine. Njia ya busara ni kumwomba ridhaa wakati wa kuuza na kuiandika. Kununua orodha za namba kutoka kwa watu wa mitaani ni kujitafutia kesi.

Hesabu ya vitanda

Tuchukue mfano wa kufikirika wa muuza vitanda mjini Mpanda. Kwa kila kitanda, baada ya kutoa gharama ya mbao, fundi na usafiri, anabakiwa na shilingi 45,000. Wiki ya kwanza anatumia shilingi 70,000 kwa tangazo linalomwelekeza mtu kuandika WhatsApp. Watu 40 wanaandika. Kati yao 12 wanauliza bei na mahali, wanne wanafika dukani, watatu wananunua.

Gawa 70,000 kwa watatu. Kila mteja mpya amemgharimu shilingi 23,333. Jumla amepata 135,000, akiondoa tangazo anabaki na 65,000. Kazi imelipa.

Wiki ya pili anarudia tangazo lile lile kwa fedha ile ile, na anapata mnunuzi mmoja tu. Mwenye duka anajumlisha wiki mbili: ametumia 140,000, amepata wateja wanne, wastani wa shilingi 35,000 kwa mteja. Wastani huo uko chini ya 45,000, hivyo anajisifu kuwa bado ana faida na anaendelea na wiki ya tatu.

Hapo amejidanganya. Wateja wanne wamemletea 180,000, akitoa 140,000 anabaki na 40,000. Kama angesimama mwisho wa wiki ya kwanza angekuwa na 65,000. Wiki ya pili imemla shilingi 25,000, ila wastani umeificha hasara. Somo ni kwamba fedha ya tangazo ipimwe kwa shilingi ya mwisho iliyotoka, wiki kwa wiki, na si kwa wastani wa tangu kuanza.

Kwa bidhaa zinazomrudisha mteja hesabu huwa tofauti. Mwenye duka la pembejeo anaweza kumpata mkulima kwa gharama inayozidi faida ya mfuko wa kwanza wa mbegu, kwa kuwa mkulima huyo atarudi kwa mbolea, kwa viuatilifu na kwa msimu unaofuata. Lakini lazima awe na uhakika kwamba wateja wake hurudi kweli, na uhakika huo hutoka kwenye daftari.

Kisima kina kina chake

Kwa nini wiki ya pili ilikuwa mbaya? Jibu liko katika ukubwa wa soko. Anayetangaza Dar es Salaam ana mamilioni ya watu wa kuwafikia. Anayetangaza Mpanda na viunga vyake anachota katika kisima kidogo. Si kila mkazi ana simu ya kisasa. Wengi vijijini wanatumia vitochi, na wenye simu kubwa wengine hununua bando la siku moja moja. Tangazo linapozunguka kwa wiki moja, watu wale wale huliona mara tatu, mara nne, hadi wanalichoka.

Dalili yake inaonekana kwenye ripoti ya tangazo, mahali panapoonyesha wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona. Idadi hiyo ikipanda huku ujumbe mpya ukipungua, kisima kimekauka kwa muda. Dawa yake ni kubadili picha na bidhaa, au kusimama wiki kadhaa. Kuongeza fedha si dawa.

Msimu nao una sauti yake. Mvua za Katavi huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuishia Aprili au Mei. Wakati wa kilimo fedha iko shambani. Mavuno ya mpunga na mahindi yakishaingia na masoko ya tumbaku yakifunguliwa, mifuko hufunguka pia. Shilingi 70,000 ya tangazo la bati mwezi Julai haifanyi kazi sawa na 70,000 ya mwezi Januari. Muuza mbegu na majembe, kwa upande wake, atangaze kabla mvua hazijaanza.

Umbali pia upimwe. Mtangazaji anaweza kuchora duara kuzunguka mji na kusema tangazo lisivuke hapo. Duara hilo liishie pale bodaboda au gari lake linapoweza kufika kwa gharama inayolipika. Hakuna faida ya kupokea ujumbe hamsini kutoka Sumbawanga kama kupeleka kitanda huko kunakula faida yote. Kwa vijiji ambavyo simu za kisasa ni chache, redio na siku ya mnada bado ni njia bora.

Kisima kilicho nje ya mkoa

Zipo bidhaa za Katavi ambazo wateja wake wapya hawako Katavi. Asali ya Inyonga wilayani Mlele ni mfano mzuri, na mchele wa mashamba ya Mwamkulu na Mpimbwe ni mwingine. Mwenye bidhaa hizo akitangaza mjini Mpanda anawatangazia watu wenye asali na mchele nyumbani. Afadhali alenge Dar es Salaam au Dodoma, ambako bei ya rejareja inaweza kubeba nauli ya mzigo na gharama ya tangazo.

Huko, hata hivyo, ushindani katika mnada ni mkali zaidi, kwani anashindana na benki, kampuni za simu na wafanyabiashara wakubwa. Asali ya lita moja moja haiwezi kulipia vita hivyo. Ndoo ya lita 20, au mteja wa duka atakayeagiza kila mwezi, inaweza. Vifungashio na alama ya ubora ya TBS viwe tayari kabla ya tangazo, kwa sababu mnunuzi wa mbali huuliza hayo kwanza.

Ziwa Tanganyika nalo ni soko. Bandari ya Karema, iliyojengwa miaka ya karibuni kwa nia ya kukuza biashara na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inatazamana na miji ya ng'ambo kama Kalemie na Moba, ambako Kiswahili kinazungumzwa. Tangazo la Kiswahili linaweza kulengwa nchi hiyo bila kubadilishwa sana. Anayetafutwa ng'ambo ni mnunuzi wa tani. Mnunuzi wa kilo haulipii mzigo kuvuka ziwa. Tangazo litalete jina na namba. Baada ya hapo ni kazi ya sampuli, malipo ya awali, cheti cha afya ya mimea na vibali vya kusafirisha nje. Hakuna mtandao unaoifanya kazi hiyo kwa niaba ya mtu.

Hofu ya kutapeliwa

Kati ya watu 40 walioandika na watatu walionunua katika mfano wetu, wengi hupotelea katikati. Sehemu yao walikuwa wapita njia tu. Lakini sehemu nyingine huogopa. Watanzania wamezoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wapo waliolipia bidhaa mtandaoni ikawa kimya. Mteja mpya, kwa tafsiri yake, ni mtu asiyekufahamu. Ana kila haki ya kushuku.

Duka la Mpanda lina nafuu moja ambayo tapeli hana: lina mlango. Tangazo litaje mtaa na jengo linalojulikana lililo karibu. Namba ya malipo iwe ya biashara, jina linalotokea kwenye simu ya mteja lilingane na jina la ukurasa. Mteja wa mjini alipie anapopokea mzigo. Risiti itolewe. Kisha jibu litoke haraka, kwani aliyeandika saa nne asubuhi na kujibiwa saa kumi jioni ameshanunua kwingine. WhatsApp ya biashara, ambayo hupakuliwa bure, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake na sehemu ya majibu ya haraka. Kumlipia mteja aje mlangoni na kumwacha asimame hapo ni kutupa fedha.

Makato na hatari nyinginezo

Malipo ya matangazo hufanywa kwa kadi ya benki au kadi za mtandaoni zinazopatikana kupitia huduma za fedha za simu, na wengi hukatwa kwa dola. Hivyo gharama halisi ni pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha na ada ya kadi. Aidha, Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka utaratibu wa kuwasajili watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi kwa ajili ya kodi, ikiwamo kodi ya ongezeko la thamani. Mfanyabiashara asome ankara yake, na aandike daftarini kiasi kilichotoka benki, si kile kilichoonekana kwenye skrini. Ankara hizo zitunzwe pamoja na hesabu nyingine za biashara.

Hatari nyingine ni mtandao wenyewe. Mei 12, 2024 hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ilivuruga intaneti nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa na hali hiyo iliendelea kwa siku kadhaa. Wenye duka, bango na namba za wateja zilizoandikwa daftarini waliweza kupiga simu na kuuza. Aliyeweka biashara yake yote kwenye ukurasa mmoja hakuwa na pa kushika. Ukurasa pia unaweza kuibwa au kufungwa. Kwa hiyo mteja mpya akishanunua, jina na namba yake vihamishiwe kwenye kumbukumbu za duka, kwa ridhaa yake.

Daftari lenye safu nne

Mtu anayetaka kuanza hahitaji mtaalamu wa gharama kubwa. Anahitaji laini ya simu inayotumika kwenye tangazo pekee, ili kila anayepiga ajulikane ametoka wapi. Anahitaji swali moja kwa kila anayeingia dukani: "Umetusikia wapi?" Na anahitaji daftari lenye safu nne, yaani fedha iliyotoka wiki hii, waliouliza, walionunua kwa mara ya kwanza, na faida waliyoleta.

Kabla ya kulipa, aandike juu ya ukurasa kiasi cha juu kabisa anachokubali kumlipia mteja mmoja. Wiki ambayo gharama itapita kiasi hicho, tangazo lizimwe siku hiyo hiyo, hata kama laiki zimefika elfu. Laiki hazipokelewi benki, wala mwenye nyumba hazichukui kwa kodi ya fremu.

Biashara ni matangazo, ndivyo wasemavyo wengi, na kwa mkoa uliozidisha watu wake mara mbili katika miaka kumi usemi huo una uzito. Wageni wataendelea kushuka stendi na stesheni ya Mpanda, na watanunua kwa mtu fulani. Kumjulisha mgeni mahali duka lilipo ni jambo la kulipiwa. Asipolipiwa kwa hesabu, mtaji huishia mtandaoni, na msimu wa mavuno ukifika rafu ziko tupu.